Kulipa Ruksa, Kulipwa Marufuku

Kijana wa Chemchem, Tabora, akifungua akaunti ya PayPal hazuiwi na mtu. Anateremsha orodha ya nchi, anaikuta Tanzania kati ya Tajikistan na Thailand, anaibonyeza. Anajaza jina na namba ya simu inayoanza na +255, anaunganisha kadi yake ya benki, na kabla chai haijapoa tayari anaweza kununua programu ya kuchorea kutoka Marekani. Mambo hubadilika siku mteja aliyeko Chicago anapotaka kumlipa yeye kwa nembo aliyomchorea. Akaunti ya Mtanzania ni ya kutolea pesa. Ya kuingizia haipo.

Mkenya hana shida hiyo. Kwa miaka mingi amekuwa akipokea malipo ya PayPal na kuyatoa kupitia Equity Bank, na tangu 2018 anaweza kulihamisha salio lake moja kwa moja kwenda M-Pesa. Kazi ni ileile, pengine hata mteja ni yuleyule. Kinachowatenganisha ni jina la nchi kwenye fomu.

Jambo hili huzungumzwa kwa hasira kuliko kwa uchambuzi. Vijiweni utasikia kwamba Wazungu hawatutaki, au kwamba serikali ndiyo iliyozuia, au kwamba matapeli wa mtandaoni wametuchafulia jina. Kila moja ya sababu hizo imewahi kuwa kweli mahali fulani duniani, na ndiyo maana inafaa kuzipima moja moja kabla ya kuamua ipi ni yetu.

Tuanze na kufungiwa kwa amri. Machi 2022, siku chache baada ya Urusi kuivamia Ukraine, kampuni za Visa, Mastercard na PayPal zilisitisha huduma zao Urusi, na mchoraji wa Moscow ambaye hakuulizwa neno kuhusu vita akabaki na kadi isiyofanya kazi nje ya nchi yake. Wakazi wa Crimea walikuwa wameyaonja hayo tangu Januari 2015. Wasudani waliishi hivyo miaka 20: vikwazo vya biashara vya Marekani vya mwaka 1997 viliondolewa Oktoba 2017, na hata baada ya hapo benki za nje ziliendelea kuikwepa Khartoum kwa kuwa nchi ilibaki kwenye orodha ya wafadhili wa ugaidi hadi Desemba 2020. Tanzania haijawahi kuwekewa vikwazo vya namna hii. Anayedai tumefungiwa kwa siasa za mataifa makubwa hana pa kushika.

Kufungiwa kwa hofu ni habari nyingine, na Afrika Mashariki inaijua vizuri kupitia Wasomali. Tarehe 7 Novemba 2001 Marekani ilizifunga ofisi za Al-Barakaat, kampuni ya hawala iliyokuwa kubwa kuliko zote Somalia, kwa tuhuma za kufadhili ugaidi. Nchi haikuwa na mfumo wa benki unaofanya kazi. Familia za Mogadishu zilizokuwa zikiishi kwa dola za ndugu walioko Minneapolis zikaamka hazina hela ya unga. Wachunguzi wa Tume ya Septemba 11 walipolipitia jambo hilo baadaye, hawakupata ushahidi wa kutosha wa tuhuma zenyewe. Mwaka 2013 benki ya Barclays ya Uingereza iliwaarifu mawakala wengi wa kutuma pesa, Dahabshiil wakiwemo, kwamba itafunga akaunti zao. Hata mwanariadha Mo Farah alipaza sauti kupinga, na Novemba mwaka huo Mahakama Kuu ya London ikaizuia benki kwa muda. Kisha Aprili 2015, baada ya mauaji ya wanafunzi katika Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ya Kenya yenyewe ilisimamisha leseni za kampuni 13 za hawala za Wasomali. Zilirudishiwa leseni Juni, lakini Eastleigh, mtaa wa Wasomali jijini Nairobi, ilikuwa imeshapata somo lake.

Katika visa hivi watu wengi walioumia hawakushitakiwa wala kuhojiwa. Benki kubwa ilipiga hesabu: faida inayotokana na wateja hawa ni ndogo, faini ikitokea makosa ni kubwa, basi na waondoke. Hesabu hiyo haikuishia kwa Wasomali. Kati ya 2011 na 2018 idadi ya uhusiano baina ya benki za nchi mbalimbali, ule unaowezesha benki ya Dar es Salaam kupokea dola kupitia benki ya New York, ilipungua kwa takribani asilimia 20 duniani. Na mitambo ya kuchuja majina haijui kwamba Tabora ina akina Salum na akina Juma kila mtaa. Jina likifanana na la mtu aliye kwenye orodha ya watuhumiwa, malipo husimama hadi mwenye jina athibitishe kwamba yeye siye.

Tanzania nayo imepita jirani na hofu hiyo. Oktoba 2022, pamoja na Msumbiji na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliingizwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, kikosi kazi cha kimataifa kinachosimamia vita dhidi ya utakatishaji wa fedha haramu. Ilitoka Juni 2025. Katika miaka hiyo miwili na ushei ilikuwa rahisi kuibebesha orodha hiyo kila lawama, na wapo walioahidi kwamba tukitoka tu, milango itafunguka.

Lakini angalia mpangilio wa matukio. Akaunti ya Mtanzania ilikuwa ya kutolea tu miaka mingi kabla ya 2022, na nchi ilipotoka kwenye orodha hakukuwa na mlango wa kupokelea uliofunguka kwa sababu hiyo. Kenya iliwekwa kwenye orodha ileile Februari 2024, na Wakenya wakaendelea kupokea malipo yao kama kawaida. Kama orodha ya kijivu ndiyo ingekuwa kufuli, Nairobi ingefungiwa siku ile na Tabora ingefunguliwa mwaka uliofuata. Halikutokea la kwanza wala la pili.

Kinachobaki ni jibu lisilo na msisimko, la leseni, mkataba na hesabu ya hasara.

Kampuni ya malipo inapomruhusu mtu kununua, haibebi mzigo mkubwa. Pesa inatoka kwenye kadi iliyotolewa na benki, na benki hiyo ilishamkagua mwenye kadi. Anapouza ndipo mzigo unapohamia kwa kampuni. Mnunuzi wa Chicago anaweza kulalamika miezi kadhaa baada ya kulipa kwamba hakupata alichoagiza. PayPal, kwa mfano, inampa siku 180 za kufungua malalamiko. Akirudishiwa pesa zake, ni lazima kampuni imfuate muuzaji alipo. Ili imfuate inahitaji kumjua kwa kitambulisho, kwa anwani na kwa akaunti ya benki ya nchini kwake. Mpaka Operesheni ya Anwani za Makazi ya 2022 ilipoweka vibao vya mitaa na namba za nyumba, Mtanzania wa kawaida alijieleza kwa S.L.P. ya shule au ya kanisa, na fomu nyingi za kigeni zinaikataa S.L.P. papo hapo. Kumpokea muuzaji pia kunataka kibali: Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya 2015 inamtaka mtoa huduma awe na leseni ya Benki Kuu. Kampuni inaangalia gharama zote hizo, inaangalia ukubwa wa soko, kisha inachagua njia nyepesi. Nunueni. Kuuza tutazungumza siku nyingine.

Kwa hiyo hatukukataliwa, tulipuuzwa. Nadhani kupuuzwa ni kubaya zaidi kwa namna moja. Kwenye vikwazo kuna amri yenye tarehe, kuna ofisi ya kukata rufaa, na ipo siku amri itafutwa. Anayepuuzwa hana barua ya kukataliwa wala afisa wa kumlalamikia. Anaandika kwa huduma kwa wateja na kujibiwa kwa heshima zote kwamba kipengele hicho hakipatikani katika nchi yake kwa sasa. Hilo “kwa sasa” halina kalenda.

Kenya haikupata upendeleo. Benki ya Equity na kampuni ya simu ya Safaricom zilikubali kubeba sehemu ya kazi ambayo PayPal haikutaka kuibeba: kumtambua mteja, kubadilisha dola kuwa shilingi, kumfikishia pesa. Uturuki ni kisa cha upande wa pili. Mwaka 2016 mdhibiti wa benki wa huko aliinyima PayPal leseni, na kuanzia Juni 6 mwaka huo Waturuki wakapoteza huduma waliyokuwa nayo. Serikali ilikuwa na haki ya kusimamia sheria zake. Bei yake ililipwa na wafumaji na wachoraji waliokuwa wakiuza kazi zao nje.

Tabora ina uzoefu wa zamani na mambo haya. Karne ya 19, ilipoitwa Kazeh na Unyanyembe, mji huu ulikuwa njia panda ya misafara: mashariki Bagamoyo na pwani, magharibi Ujiji na ziwa, kaskazini njia ya Karagwe na Buganda. Pesa ya njiani ilikuwa shanga, vitambaa na waya, na kila nchi ilikuwa na masharti yake. Mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, aliyefika hapa 1871 akimtafuta mpelelezi Livingstone, aliandika kwamba Wanyamwezi walizipokea shanga nyekundu za samesame na kuzikataa nyingine. Shanga nyeusi zilitembea Ugogo na kwingineko hazikuwa na thamani. Zile za sungomaji zilifaa Ujiji na kukataliwa karibu nchi nyingine zote. Mfanyabiashara aliyefungasha shanga zisizofaa kule pwani aliweza kufika Unyanyembe na mzigo wa wapagazi na asipate hata kibaba cha nafaka. Mali anayo, mnunuzi anamwona, malipo hayapiti.

Mwaka huohuo mtemi Mirambo wa Urambo aliifunga barabara ya Ujiji katika vita vyake na Waarabu wa Unyanyembe. Stanley alijaribu kupita kwa bunduki pamoja nao, wakashindwa, mwishowe akazunguka kusini kupitia Ukonongo mpaka akafika kwa Livingstone. Tofauti ya zama zile na zetu ni kwamba Mirambo alikuwa na sababu na alikuwa na anwani: alitaka ushuru wake na nafasi yake katika biashara ya pembe, na Waarabu walijua nani wa kuongea naye.

Kuzunguka ndiko vijana wetu wanakofanya sasa. Kisa kinachojirudia ni hiki. Mchoraji wa Isevya au Ng'ambo hapa Tabora anampata mteja, hana pa kupokelea, anamwomba binamu yake wa Nairobi amfungulie akaunti kwa jina na laini ya Kenya. Wenye ndugu Muscat au London huwaomba hao. Wengine hununua akaunti iliyokwisha kuthibitishwa kutoka kwa mtu wa Telegram wasiyemjua hata sura. Kwa wiki kadhaa mambo huenda vizuri. Kisha malipo ya kwanza makubwa yanaingia, na mtambo unaona kwamba akaunti ya Nairobi inafunguliwa kila siku kwa intaneti ya Tabora. Ujumbe unakuja: piga picha ya kitambulisho, tuma bili ya maji au umeme yenye anwani. Kijana anamwandikia binamu, “Kaka, wanataka uso wako tena,” na binamu yuko kazini, au amechoka, au ameingiwa na hofu ya kodi za Kenya zitakazosomwa kwa jina lake. Akaunti inafungwa. Salio linashikiliwa, mara nyingi kwa siku 180 zilezile, na likiachiwa linakwenda kwa mwenye jina.

Siwalaumu vijana hawa. Ila ukweli usemwe: mkataba wa huduma hizi unakataza wazi kutumia akaunti ya mtu mwingine na kudanganya nchi unayoishi, kwa hiyo siku ya mgogoro kijana hana haki ya kudai. Yeye ndiye aliyefanya kazi, na kwa mujibu wa karatasi hayupo kabisa. Mbaya zaidi, kila akaunti ya namna hiyo inayonaswa inaipa kampuni sababu ya kuwaona wauzaji wa Tanzania kuwa ni hatari. Tunajenga wenyewe ile rekodi mbaya ambayo mwanzoni hatukuwa nayo.

Njia halali zipo, japo ni za gharama. Payoneer inapokea malipo kwa ajili ya Mtanzania na kuyapeleka kwenye akaunti yake ya benki hapa nchini, na ndiyo inayotumiwa na wengi wanaofanya kazi kupitia jukwaa la Upwork. Inamtoza ada ya mwaka ya kama dola 30 mtu anayepokea kidogo, yaani yule anayeanza. Uhamisho wa benki kwa benki unafaa kwa malipo makubwa, lakini kwa kazi ya dola 40 makato ya benki ya huku, ya kule na ya katikati yanakula sehemu ya kuumiza. Kampuni ya malipo ya Stripe haimpokei mfanyabiashara wa Tanzania moja kwa moja. Mwaka 2020 ilinunua Paystack ya Nigeria na kuingia Afrika kwa mlango huo, na kwa wasio kwenye mlango huo inauza huduma ya kukusajilia kampuni Delaware, Marekani, kwa dola 500. Fikiria mtengeneza programu wa Gongoni anayelazimika kuwa kampuni ya Delaware ili mtalii aliyeko Arusha amlipe kwa kadi.

Kuna mkanganyiko mwingine ambao sijausikia ukisemwa vya kutosha. Pesa kutoka nje kuja Tabora zinaingia, tena haraka. Mtu aliyeko Toronto akitumia WorldRemit anaweza kumtumia mama yake hela ya matibabu ikaingia kwenye M-Pesa kabla mama hajakata simu, na Western Union wapo miaka yote. Lakini huduma nyingi za namna hii zinaruhusu matumizi binafsi tu. Masharti yake yanakataza malipo ya biashara. Maana yake, mfumo wa dunia umeshalitatua tatizo la kufikisha dola Chemchem. Umelitatua kwa msaada. Ujira umeachwa nje. Ukiwa na ndugu mwenye huruma unapokea. Ukiwa na ufundi na mteja, ujaze fomu. Hapa ndipo hoja ya kwamba Tanzania ni soko dogo na la hatari inapopoteza nguvu, kwa sababu hatari ya kumtambua anayepokea ni ileile, na mitambo ya kumfikia ni ileile.

Mitambo hiyo tunayo kuliko wengi. M-Pesa ilianza Tanzania 2008, mwaka mmoja tu baada ya Kenya. Kutumiana pesa kati ya mtandao mmoja na mwingine hapa kulianza 2014 na Vodacom ikajiunga 2016. Laini zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Mama ntilie wa stendi ana Lipa Namba. Nchi yenye haya yote kukosa mkataba wa kupokelea malipo ya mtandaoni kunahitaji maelezo, na maelezo hayo hayako San Jose, makao makuu ya PayPal, peke yake.

Serikali nayo haijaamua inamtaka mfanyakazi huyu au inamwogopa. Novemba 2019 Benki Kuu ilitangaza kwamba sarafu za kidijitali haziruhusiwi nchini. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akaitaka ijiandae kuzipokea. Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamisho wa mali hizo. Kijana anayelipwa kwa sarafu ya kidijitali ya USDT, kwa kuwa hana njia nyingine, anatozwa kodi kwenye kitu ambacho hajui kama ni halali. Oktoba 2023 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, iliagiza watumiaji wa VPN wajisajili, na kwa wengi VPN ni kitendea kazi cha kila siku. Na kuanzia siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Mteja wa Chicago hakujua habari za uchaguzi wetu. Aliona kazi haikufika kwa wakati, ujumbe haujibiwi, akampa mtu wa nchi nyingine. Kwa siku hizo Mtanzania alipoteza kila huduma ya malipo ya mtandaoni kwa sababu ya nchi yake, na safari hiyo hapakuwa na kampuni ya kigeni ya kulaumu.

Benki Kuu na Wizara ya Fedha wana neno la kusema hapa, na benki za CRDB na NMB na kampuni za simu pia. Mkataba wa aina iliyowekwa Kenya hautaletwa na hotuba za uchumi wa kidijitali wala na makongamano ya vijana. Unaletwa na benki moja inayokubali kubeba ukaguzi wa wauzaji wadogo, na mdhibiti anayesema hadharani masharti ya leseni ni yapi na itachukua siku ngapi. Hayo yanaweza kuanza mwaka huu.

Na wewe unayechora, unayetafsiri au unayeandika programu ukiwa Tabora: muulize mteja atakulipa kwa njia gani kabla hujagusa kazi, ingiza makato kwenye bei yako, na usikubali pesa yako ikae kwenye akaunti yenye jina la mtu mwingine, hata awe ndugu wa damu.